Kadutu na Orodha ya Wahitaji: Historia ya Misaada ya Dharura Mjini Bukavu

Kadutu ni mojawapo ya komini tatu za mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, pamoja na Ibanda na Bagira, na imejengwa juu ya miteremko iliyo mbali kidogo na Ziwa Kivu, ikigawanyika katika kartie saba, yaani mitaa mikubwa yenye ofisi zake, ambazo ni Cimpunda, Kajangu, Kasali, Mosala, Nkafu, Nyakaliba na Nyamugo. Soko lake kuu hulisha sehemu kubwa ya mji, na wakazi wake wengi huishi kwa kipato cha siku moja: wabebaji wa mizigo, wauza mkaa na samaki, mafundi wa mbao na cherehani, wauzaji wadogo wanaovuka mpaka wa Ruzizi asubuhi na kurudi jioni. Mtu wa kipato cha namna hiyo hana akiba ya kumvusha mwezi mmoja wa ugonjwa au moto, na kwa sababu hiyo suala la msaada wa dharura, yaani fedha au vitu ambavyo serikali humpa mtu wa kipato kidogo pale janga linapomkata riziki, limekuwa likirudi Kadutu katika kila kizazi tangu komini hiyo ilipoanzishwa kama makazi ya Waafrika chini ya utawala wa Wabelgiji. Anayefuatilia historia hiyo kwa makini hugundua kwamba kiasi cha msaada hakijawahi kuwa swali la kwanza. Swali la kwanza limekuwa orodha: nani ameandikwa, ameandikwa na nani, na kwa karatasi ya aina gani.

Katika enzi ya ukoloni mji huu, ambao tangu mwaka 1927 hadi miaka ya 1950 uliitwa Costermansville, uligawanywa kwa rangi. Wazungu walijenga kwenye rasi zinazoingia ziwani, na Waafrika wakapangiwa miteremko ya nyuma, ambako Kadutu ikawa kile ambacho amri ya tarehe 23 Novemba 1931 ilikiita centre extra-coutumier, maana yake makazi ya Waafrika yaliyowekwa nje ya mamlaka ya machifu wa jadi na chini ya usimamizi wa serikali moja kwa moja. Mpango huo ulikuwa na matokeo mazito kwa maskini, ingawa hayakutajwa katika amri yenyewe. Katika nchi ya Bushi inayouzunguka mji, familia ilipata ardhi kwa kalinzi, yaani mapatano ya kudumu na ya kurithiwa ambayo kwayo mtu alimpa chifu ng'ombe naye akapata haki ya kulima na kuishi, au kwa bwasa, mapatano mafupi ya msimu kwa malipo madogo. Mapatano hayo hayakuwa ya usawa, kwa maana chifu alinufaika sana, lakini yalimpa mtu shamba, na shamba lilikuwa ndiyo bima yake dhidi ya njaa. Aliyehamia Kadutu alikatiwa bima hiyo ya kimila, na badala yake akapewa mshahara kama alikuwa na mwajiri, na kama hakuwa naye hakupewa kitu.

Kwa kweli alipewa kitu kingine, nacho ni sheria ya adhabu. Tangu mwaka 1896 Dola Huru ya Kongo ilikuwa na amri juu ya uzururaji na kuombaomba, na utawala wa Kibelgiji ulioirithi nchi mwaka 1908 uliendelea kumtazama mtu asiye na kazi mjini kama kosa la kuondolewa, si kama raia wa kusaidiwa. Jambo hili linahitaji kuwekwa kando ya lile lililokuwa likifanyika Ubelgiji kwenyewe katika miaka hiyohiyo: sheria ya tarehe 10 Machi 1925 iliagiza kila komini ya Ubelgiji iwe na tume ya misaada ya umma, chombo chenye bajeti na wajumbe wake, ambacho wajibu wake ulikuwa kumsaidia mkazi aliyepungukiwa. Watawala walioisimamia Kadutu walitoka katika nchi ambako mjane wa mfanyakazi aliweza kubisha mlango wa tume hiyo katika komini yake. Waliichukua komini kama mfumo wa utawala na hatimaye wakaileta Bukavu. Tume ya misaada waliiacha kwao.

Baada ya Vita Kuu ya Pili fedha za ustawi zilianza kutajwa kwa majina mazuri. Mwaka 1947 uliundwa mfuko wa Fonds du Bien-Être Indigène, wenye lengo la kuinua hali ya Waafrika kwa visima, zahanati na shule, lakini mfuko huo ulilenga hasa vijiji, hivyo makazi ya mjini kama Kadutu hayakuwa ndani ya kusudi lake. Mwaka 1952 ilifuata Office des Cités Africaines, shirika la serikali la kujenga nyumba za Waafrika mijini, ambalo Bukavu lilijenga Bagira kwa mistari iliyonyooka na nyumba za matofali, nyumba ambazo mtu alizipata kwa kulipa kidogo kidogo kutoka katika mshahara wake. Baada ya safari ya Mfalme Baudouin ya mwaka 1955 uliongezwa mfuko wa kifalme wa kuwasaidia wasioweza malipo hayo. Mifuko hii ilikuwa na manufaa ya kweli kwa walioifikia, na haifai kuidharau, lakini yote ilikuwa misaada ya maendeleo ya polepole, isiyomjibu mtu ambaye leo nyumba yake imeungua au mume wake amefariki.

Karibu zaidi na msaada wa dharura zilikuwa sheria za bima ya wafanyakazi, ambazo kati ya mwaka 1949 na 1956 zilileta kwa hatua fidia ya ajali kazini, posho ya watoto na pensheni. Hapa ndipo orodha ya kwanza ya kweli ilipotengenezwa, nayo ilikuwa orodha ya mwajiri. Kijana aliyekatwa kidole na mashine kiwandani alikuwa na haki ya fidia. Mama aliyeuza ndizi sokoni Kadutu, akaanguka na mzigo wake kwenye mteremko na kuvunjika mguu, hakuwa na haki yoyote, kwa kuwa hakuna mwajiri aliyemwandika. Mwaka 1958 Kadutu ilipata hadhi ya komini ndani ya mji wa Bukavu, na miaka mitatu baadaye, tarehe 29 Juni 1961, nchi huru ilikusanya sheria zile chini ya taasisi moja, Institut National de Sécurité Sociale, iliyojulikana kwa kifupi kama INSS na ambayo tangu mwaka 2018 imegeuka kuwa CNSS. Uhuru ulibadilisha wenye taasisi. Mpaka wake haukusogea. Waliokuwa ndani ni wenye mkataba wa kazi, na walio nje ni wale waliokuwa nje tangu mwanzo, ambao Kadutu walikuwa wakiongezeka kila mwaka.

Miaka iliyofuata ilikuwa na dharura za kutosha: uasi wa mwaka 1964 uliofika mpaka mjini, kisha mamluki wa Jean Schramme walioushika mji tangu Agosti hadi Novemba 1967 na kuwafanya wakazi wakimbie kwa wingi. Hata hivyo ni kuporomoka kwa uchumi wa Zaire, kama nchi ilivyokuja kuitwa, zaidi ya vita hivyo, kulikofanya mfumo wa mshahara kuwa mtupu. Uporaji wa mwaka 1991 na ule wa 1993, pamoja na mfumuko wa bei uliofikia kuchapishwa noti ya zaire milioni 5, uliwafanya hata walioandikwa katika orodha ya INSS wagundue kwamba pensheni yao ya mwezi haitoshi kununua chakula cha siku chache. Mwalimu na mwuza mkaa walijikuta katika daraja moja. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1949 ile tofauti kati ya aliyeandikwa na asiyeandikwa ilipungua Kadutu, si kwa sababu asiyeandikwa aliingizwa, bali kwa sababu orodha yenyewe ilikufa.

Penye pengo hilo ndipo panapoonekana kazi kubwa ya wakazi wenyewe, na panastahili kuelezwa kwa urefu kwa sababu ndiyo hazina ya dharura ambayo Kadutu imekuwa nayo kwa muda mrefu zaidi. Likirimba ni chama cha watu wachache wanaofahamiana, mara nyingi wanawake wa safu moja ya soko au majirani wa avenyu moja, ambao kila siku au kila juma hutoa kiasi kilekile, na jumla yote hupewa mmoja wao kwa zamu. Zamu hupangwa kwa kura au kwa makubaliano, lakini kanuni isiyoandikwa ni kwamba mwanachama aliyepatwa na msiba, au ambaye mtoto wake amelazwa hospitalini, anaweza kuomba asogezwe mbele, na wenzake hukubali wakijua kwamba siku moja nao wataomba hivyo. Kwa njia hiyo chombo cha kuweka akiba hugeuka kuwa chombo cha msaada wa dharura bila kubadili jina. Kando yake kuna kotizasio ya matanga: mtu akifiwa, daftari hufunguliwa mlangoni, kila anayeingia huandikwa jina na kiasi alichotoa, na daftari hilo huhifadhiwa na familia kwa miaka, kwa kuwa ni deni la heshima litakalolipwa kwenye matanga ya mwingine. Katika miaka ya karibuni vikundi vinavyoitwa AVEC, ambavyo vina sanduku lenye kufuli kadhaa na mfuko mdogo wa kijamii uliotengwa na mfuko wa mikopo, vimeleta utaratibu wa maandishi ndani ya desturi hiyo ya zamani.

Hata hivyo haitakuwa haki kuzisifu desturi hizi kana kwamba hazina mpaka. Likirimba humlinda anayeweza kutoa leo ili apokee kesho. Mjane aliyeshindwa kutoa kwa majuma matatu huondoka mwenyewe kwa aibu kabla hajaondolewa, na mhamaji aliyefika jana kutoka vijiji vya Shabunda au Walungu hana wa kumdhamini. Daftari la matanga nalo ni orodha, na asiye na ndugu wengi mjini huzikwa kwa daftari fupi. Zaidi ya hayo, umoja wa watu wote maskini hauwezi kubeba janga linalowapata wote kwa siku moja, na hilo ndilo hasa ambalo serikali peke yake ingeweza kulibeba.

Majanga ya namna hiyo yalikuja mfululizo. Mwezi Julai mwaka 1994 mamia ya maelfu ya Wanyarwanda waliingia Kivu, na mashirika ya kimataifa yakajenga kambi na kuandikisha familia kwa kadi za mgao. Mkazi wa Kadutu, ambaye bei ya chakula na kuni ilimpanda ghafla na ambaye vyoo na vyanzo vya maji vyake vilielemewa, hakuwa na kadi kwa kuwa hakuwa mkimbizi. Vita vya mwaka 1996 vilivyoangusha utawala wa Mobutu, vile vya mwaka 1998 na mapigano ya mwaka 2004 ndani ya mji vilileta kundi jingine, wahamaji wa ndani kutoka vijijini, ambao Bukavu hawakukaa kambini bali katika vyumba vya jamaa zao. Mhamaji aliyepokelewa na binamu yake Nyamugo au Cimpunda haonekani kwa macho ya mhesabuji, na aliyempokea haonekani kabisa, ingawa ni yeye anayelisha watu kumi kwa sufuria ya watu watano. Fadhila ya kupokea ndugu, ambayo watu wa Kivu huiona kuwa jambo la kawaida, imekuwa ruzuku ambayo maskini wa Kadutu wameitolea serikali kwa miaka 30 bila kuandikwa popote.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilijaribu kuliweka jambo hili katika lugha ya haki. Kifungu cha 36 kinataja ulinzi dhidi ya ukosefu wa kazi, kifungu cha 47 haki ya afya na ya kuwa na chakula cha uhakika, na kifungu cha 49 ulinzi wa pekee kwa wazee na watu wenye ulemavu. Kati ya maneno hayo na ofisi ya komini kuna umbali mkubwa. Anayebaki kuwa mlango wa mtu wa Kadutu ni idara ya mambo ya kijamii, ambayo ngazi yake ya jimbo hujulikana kwa jina la DIVAS, na karatasi kuu inayotoka humo ni attestation d'indigence, yaani hati ya ufukara inayoshuhudia kwamba mwenye nayo hana uwezo wa kulipa matibabu au gharama za mahakama. Ili kuipata, mtu huanza kwa sefu wa avenyu anayemfahamu, hupanda kwa mkuu wa kartie, kisha komini, na kila ngazi huwa na muda wake na mara nyingi gharama zake. Hati hiyo ni wazo jema lenye kasoro moja kubwa: inathibitisha ufukara lakini haiambatani na fedha. Hospitali inayoipokea haina mahali pa kupeleka ankara, na hospitali zenyewe huishi kwa malipo ya wagonjwa, ndiyo maana katika nchi nzima imezoeleka kuona mgonjwa aliyepona, au mama aliyejifungua, akizuiliwa wodini mpaka ndugu wakusanye deni lake. Mifuko ya afya ya kuchangiana, ambayo Bukavu ilikuzwa hasa na ofisi ya kazi za tiba ya jimbo kuu la Kanisa Katoliki, na ambayo ilipewa msingi wa kisheria na sheria ya Februari 2017 juu ya vyama vya kusaidiana, imepunguza mzigo huo kwa wanachama wake. Asiyeweza mchango wa mwaka amebaki na hati yake mkononi.

Kwa upande wa moto, historia ya Kadutu ni ya kujirudia. Nyumba nyingi ni za mbao zilizobanana, paa zake ni manjanja, yaani mabati, umeme huunganishwa kwa nyaya za kubahatisha na ukikatika mishumaa huwashwa, na njia ni nyembamba kiasi kwamba gari la kuzimia moto haliwezi kupita. Moto ukishazimika, hesabu huanza: sefu wa avenyu huandika majina ya wakuu wa familia, orodha hupelekwa komini na ofisi ya meya, kisha jimboni, na msaada ukija huwa ni maturubai, mablanketi, masufuria au manjanja. Mpangaji, ambaye ndiye aliyepoteza vitu, huweza kukosa nafasi mbele ya mwenye nyumba ambaye jina lake linajulikana. Na kwa kuwa hakuna kiwango kilichowekwa na sheria, kinachotolewa hupokelewa kama zawadi ya kiongozi aliyekuja kukitoa, si kama stahili ya aliyeunguliwa. Hili ni jambo la kusikitisha kuliko uchache wa vitu vyenyewe, kwa sababu zawadi haidaiwi, na mwaka usio na uchaguzi huweza kupita bila zawadi.

Mabadiliko ya fikra yaliletwa kwa sehemu na Fonds Social, mfuko wa serikali ulioundwa mwaka 2002 kwa ushirikiano na Benki ya Dunia. Kupitia mradi wake wa STEP, ulioanza mwaka 2014 kwa ajili ya mashariki ya nchi, jamii zilizochaguliwa zilipata kazi za muda za kutengeneza barabara na kuzuia mmomonyoko kwa malipo ya dola 3 kwa siku, na mara nyingi wafanyakazi walichaguliwa kwa kura ya hadharani. Kura hiyo ina maana kubwa katika historia hii. Palipo na wahitaji wengi kuliko nafasi, bahati nasibu mbele ya macho ya watu ilikubalika kuliko orodha iliyoandikwa ofisini, na hilo linaeleza kwa uwazi kiasi gani orodha za ofisini zilikuwa zimepoteza imani ya watu.

Mwaka 2020 uliupima mfumo wote. Hali ya dharura ya kiafya ilitangazwa tarehe 24 Machi, mipaka ikafungwa, na wauzaji wadogo waliokuwa wakivuka Ruzizi wakakosa riziki kwa siku moja. Serikali iliitikia kwa hatua ambazo kwenye karatasi zilikuwa za ukarimu: maji na umeme bure kwa miezi miwili, na mwenye nyumba akazuiwa kumfukuza mpangaji kwa sababu ya kodi. Lakini msamaha wa ankara humfikia mwenye ankara. Kadutu familia nyingi hununua maji kwa kidumu kutoka bomba la jumuiya au kwa jirani, na umeme wao umo ndani ya kodi wanayomlipa mwenye mita. Msamaha uliishia mikononi mwa mwenye mita. Mfuko wa taifa wa mshikamano dhidi ya korona uliundwa, na baadaye familia za kipato kidogo katika mitaa iliyochaguliwa zilipewa fedha za kila mwezi kupitia simu, jambo ambalo lilikaribia kabisa maana ya ruzuku ya dharura kama inavyoeleweka duniani. Mpango huo ulikuwa wa Kinshasa. Sababu zilikuwepo, kwa kuwa ugonjwa ulianzia na kuenea zaidi katika mji mkuu, ila mtu wa Kadutu aliyefungiwa mpaka hakuwa na njaa pungufu kuliko mtu wa Kinshasa aliyefungiwa mtaa.

Mafuriko ya Kalehe ya Mei 2023, yaliyoua watu zaidi ya 400 katika Bushushu na Nyamukubi upande wa magharibi wa ziwa, yalionyesha kwamba serikali kuu inaweza kutikisika: maombolezo ya kitaifa yalitangazwa na ujumbe wa mawaziri ukafika. Miezi 21 baadaye, katikati ya Februari 2025, kundi la waasi la M23 liliingia Bukavu. Mabenki yalifungwa, ofisi za serikali ya Kinshasa zikakosa mkono wake, na katika siku hizohizo maghala ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani mjini yaliporwa, yakiwa na takriban tani 7,000 za chakula kilichokusudiwa wahitaji. Wakati huohuo Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu nchini Kongo, ilikuwa imesimamisha sehemu kubwa ya fedha zake tangu mwezi Januari. Vyanzo vyote vitatu ambavyo kwa miaka 30 vilikuwa vikishikilia msaada wa dharura, yaani serikali, mashirika na akiba ya familia iliyoko benki, vilikauka katika muda wa majuma machache, na kilichobaki kikizunguka Kadutu ni fedha taslimu za likirimba na zile za simu.

Ndani ya komini hiyohiyo kuna janga ambalo halihitaji kukisiwa. Funu, mteremko wa poromoko kubwa la ardhi lenye kilomita 1.5 za mraba, hutembea polepole chini ya nyumba za watu wapatao 80,000, na utafiti uliochapishwa mwaka 2022, kwa kulinganisha picha za miaka 70, ulionyesha kwamba ujenzi wa mji wenyewe umebadilisha njia za maji na kuongeza mwendo wake. Kuta hupasuka, milango hukataa kufunga, mabomba hukatika na maji yake huingia ardhini na kuusukuma zaidi mteremko. Familia hizi zinajulikana zilipo, avenyu kwa avenyu, na sefu wa kila avenyu anaweza kuziandika kwa majina kabla mvua ya Septemba haijaanza. Mpaka sasa utaratibu uliopo ni ule wa tangu zamani: majina huandikwa baada ya nyumba kuanguka, na anayeandikwa ni yule ambaye bado yupo mtaani siku ya hesabu.